Mlango Uliofunguliwa Miaka Mitatu

Huwa twapima jambo kwa urefu wa umri wake. Leo tunawaletea habari za mashindano ya gofu ya wanawake yaliyoishi miaka 3 tu nchini Marekani, yakiitwa HSBC Women's World Match Play.

Yalianza mwaka 2005, Gladstone, New Jersey. Wachezaji 64 walipambana wawili wawili; aliyeshindwa alifunga virago. Bingwa alihitaji kushinda mechi 6, naye akatunukiwa dola 500,000. Marisa Baena wa Kolombia aliingia akiwa nambari 60 katika orodha, akatoka bingwa, Mkolombia wa kwanza kushinda mashindano ya LPGA, chama cha wanawake wa gofu ya kulipwa. Mwaka 2006 alishinda Brittany Lincicome wa Marekani. 2007, mjini New Rochelle, New York, Seon Hwa Lee wa Korea Kusini.

Mwaka 2008 benki iliyoyadhamini ilianzisha mashindano mengine Singapore, na haya yakazimika.

Wahenga walinena, maji yakijaa hupwa. Na fedha za wadhamini ndivyo zilivyo. Basi tuwausie mabinti zetu: mlango ukifunguliwa, ingieni. Baena hakungoja mwaka wa pili.