Makala Mafupi Kufanywa Kitabu

Mtu aliyeandika makala mafupi kwa miaka mingi, moja juu ya kilimo cha mhogo, moja juu ya arusi, moja juu ya safari yake, hufika siku akayatazama makaratasi yake sandukuni akanena, "Hiki ni kitabu tayari." Sisi twaona si kitabu bado. Ni matofali yaliyokwisha kuchomwa, wala nyumba haijajengwa. Lakini mchwa hawangoji ijengwe. Kwa hiyo twapenda kueleza kidogo namna ya kuijenga.

Tunayo mifano miwili katika lugha yetu. Katika miaka ya 1890 Mdachi mmoja, Carl Velten, alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku pwani, kisha akafundisha Kiswahili Berlin. Aliwaomba Waswahili wamwandikie habari zao. Mwaka 1901 kilichapwa kitabu cha Safari za Wasuaheli, na mwaka 1903 Desturi za Wasuaheli, vyote viwili katika mji wa Göttingen.

Kile cha safari hakikuwa na taabu kubwa ya kupangwa. Selim bin Abakari aeleza alivyokwenda Urusi na Siberia. Mtoro bin Mwinyi Bakari aeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Kila safari ina njia yake, na msomaji aweza kuanza apendapo asipotee.

Desturi si hivyo. Aandikaye habari za ndoa hana budi kutaja mahari na wazee. Naye aandikaye habari za malezi atayagusa mambo yale yale. Makala kama hayo yakibandikwa tu moja baada ya jingine, msomaji huambiwa jambo moja mara tatu akachoka. Basi kitabu kile kilishikwa na uzi mmoja, nao ni maisha ya mwanadamu: chaanza na uzazi, kikaendelea na malezi, na kumbi, na ndoa, na mengineyo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya Mtoro yule yule, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tafuta uzi kwanza. Waweza kuwa majira ya mwaka, au maisha ya mtu, au njia itokayo pwani hata bara. Kisha soma makala yako yote kwa mfululizo, kalamu mkononi. Maneno kama "tulivyosema juma lililopita" yafaa gazetini; kitabuni hayana maana, yafute. Habari iliyokaririwa ichague mahali pamoja, penye maelezo bora, kwingine uikate. Hapa ndipo waandishi wengi hushindwa, kwa kuwa kila makala ina mwanzo wake mzuri, na mwenyewe aupenda kama mwanawe. Lakini nyumba yenye milango ishirini haina ukuta.

Ukiisha kupanga utaona mapengo. Umeandika habari za kupanda na za kuvuna, lakini kupalilia hukuandika neno. Sisi twahesabu jambo hili kuwa faida kubwa kuliko zote, maana makala yakiwa mbalimbali hayaonyeshi kinachokosekana. Andika makala mapya ya kuziba pengo. Na palipo na bei ya kitu au jina la mtawala, acha tarehe ya kwanza, usije ukamdanganya msomaji kwa bei iliyokwisha kupita.

Limebaki jambo la majina. Kile kitabu cha mwaka 1903 kilitoka kwa jina la Velten. Mtoro alikufa Berlin mwaka 1927. Mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ilipochapwa huko California, na jina la Mtoro likawekwa katika jina la kitabu, pamoja na "Waswahili wengine." Hao wengine nao walikuwa na sehemu katika kazi ile, lakini majina yao hayakuwekwa pale.

Basi akusanyaye makala ya wenziwe, awe mwalimu au mzee wa mji, kabla hajachanganya hata karatasi mbili, na aandike juu ya kila moja jina la mwandishi, mji wake na tarehe. Na majina hayo yote yaingie kitabuni, hata ya yule aliyeleta ukurasa mmoja tu.