Shilingi 1,420 za Mtoto wa Gredi ya Kwanza

Kila mwaka serikali ya Kenya hutenga shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma. Akifika sekondari ya msingi, mgao huo hupanda hadi 15,042. Akiingia sekondari pevu, 22,244. Kijana wa miaka 16 basi hutengewa karibu mara 16 ya anachotengewa mdogo wake wa miaka saba.

Ni kweli maabara ni ghali, na mishahara ya walimu hulipwa kando na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Lakini gawanya hizo 1,420 kwa wiki zisizofika 40 za masomo: ni kama shilingi 36 kwa wiki. Hizo ndizo za vitabu, chaki na kurekebisha darasa linalovuja.

Mwaka 2003, Rais Mwai Kibaki alipofuta karo ya shule za msingi, mgao ulikuwa 1,020. Dola moja ilikuwa kama shilingi 76, kwa hiyo mtoto alipata zaidi ya dola 13. Leo dola ni kama shilingi 129, na 1,420 ni dola 11 tu. Idadi ya wanafunzi iliruka mwaka ule kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa yalifurika, na wazazi wengi wenye uwezo wakawahamishia watoto wao shule za kibinafsi.

Pengo la mapato huanzia hapo. Wanauchumi Psacharopoulos na Patrinos walikusanya makadirio kutoka nchi 139, wakaonyesha mwaka 2018 kwamba kila mwaka wa ziada shuleni huongeza kipato kwa wastani wa asilimia 9. Miaka minne ya ziada huzaa kama asilimia 41: anayepata 20,000 kwa mwezi angepata takriban 28,000. Huo ni wastani tu, lakini ni wastani wa maisha yote ya kazi.

Miaka hiyo ya ziada inalipiwa na nani? Mzazi wa mwanafunzi wa bweni katika shule kubwa za sekondari za umma hutakiwa kulipa hadi 53,554 kwa mwaka. Kwa kibarua wa Nairobi anayelipwa kima cha chini cha 16,113 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 2024, hiyo ni mishahara ya zaidi ya miezi mitatu. Kwa anayepata 300,000 haifiki hata moja ya tano ya mshahara wa mwezi mmoja.

Tena, watafiti Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walilinganisha, katika utafiti wa mwaka 2014, wanafunzi waliopata na waliokosa kwa alama chache nafasi katika shule za sekondari za kitaifa, wasione tofauti kubwa ya matokeo mwishoni. Ninavyousoma utafiti huo, shule hizo huvuna kilichokwisha kupandwa. Kupanda ni kazi ya shule ya msingi.

Kuongeza maradufu mgao wa watoto milioni moja wa shule za msingi kungegharimu shilingi bilioni 1.42 kwa mwaka. Fedha hizo hizo hutosha mgao wa wanafunzi wapatao 64,000 wa sekondari pevu. Wabunge wanapoketi kupitisha bajeti, waanzie kwenye hizo 1,420. Nawe mzazi, muulize mbunge wako mara ya mwisho alizitaja lini.