Ndai Moja, Seti Mbili za Pedi

Ukiishi Muthangari, Jumamosi usiku unajua tu mbogi imetoka. Unaskia boksa ya Subaru ikiacha Waiyaki Way ikiingia James Gichuru, alafu GTI inaifuata na ekzosti inapasuka kila akibadilisha gia. Wakikaa base, stori ni turbo, ni kuchezea kompyuta ya injini, ni rimu za inchi 18. Pedi za breki hazitajwi hadi siku mguu unazama hadi sakafu na ndai bado inaenda. Mi nasema hiyo laini igeuzwe. Ka dinga yako inakupeleka job Jumatatu na treki Jumapili, doh ya kwanza iende kwa breki. Na usisumbuke kutafuta pedi moja ya kufanya hizo job zote mbili, juu haiko.

Hatuna sakiti ka Kyalami ya Afrika Kusini, lakini wasee wanapata penye watakanyaga. Kuna Whistling Morans kule Athi River, na kuna taimu traili ka Kiamburing TT, barabara ya lami inafungwa, ndai zinaachiliwa moja moja na saa ndio inaamua nani mkali. Hii mapenzi si ya jana. Colin McRae alibeba Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns akairudia 2000 na Impreza, na kabla yao Patrick Njiru alikuwa ashafanya Subaru iwe ndai ya mtaa. Watoi walioona hizo ndai zikipita na vumbi ndio leo wananunua STI.

Sasa cheki hesabu. Ndai ya kilo 1,400 ikiwa 80, ile spidi imeandikwa pale Expressway, imebeba nguvu ya kilojuli kama 346. Ifikishe 160 treki na nguvu haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne, kama kilojuli 1,383. Job ya breki ni kugeuza hiyo yote iwe moto. Pedi inabana diski, diski inachemka, hewa inaubeba moto unaenda. Ukishuka Expressway pale mwisho wake James Gichuru, unabreki mara moja, alafu diski inapumzika hadi taa za mbele. Treki hakuna taa. Kona inashikana na kona, na kila moja inakuta diski haijapoa kutoka ile ya nyuma.

Kuna kitu ingine ya Nairobi yenye wauzaji wa majuu hawataandika kwa boksi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kushinda ya Mombasa, karibu sehemu moja kwa sita. Hewa nyepesi inabeba moto kidogo, kwa hivyo diski inapoa polepole. Busta ya breki nayo inatumia tofauti ya presha kati ya hewa ya nje na vakyum ya injini, na presha ya nje ikiwa chini, busta inakusaidia kidogo kuliko vile ingekusaidia ukiwa Nyali. Panda Limuru na inapungua tena. Msee wa Nairobi akisoma mtu wa Uingereza akisema pedi fulani inatosha treki, ajue huyo alikuwa na hewa nzito ya kupoesha.

Haya, pedi zenyewe. Ile rahisi ni ya organiki: laini, haipigi kelele, haimalizi diski, inauma ikiwa baridi. Ya seramiki ya mtaa ni safi zaidi, vumbi kidogo, rimu zinabaki poa. Semi-metaliki ina chuma ndani, inavumilia moto zaidi, lakini inalia na inakula diski. Juu kabisa kuna pedi za mbio, zile zimetengenezwa zifanye job diski ikiwa moto sana. Wengi wanadhani hiyo ya juu ndio bora kwa kila kitu. Apana. Pedi ya mbio ikiwa baridi haishiki poa.

Fikiria asubuhi ya Julai, baridi ya Nairobi, umetoka gate saa kumi na mbili na nusu unapeleka mtoi skuli. Bodaboda inakata mbele yako kabla ufike Gitanga Road. Diski ni baridi kabisa, na pedi yako ya mbio inataka ifike digrii 200 ndio iamke. Hapo ndio unahitaji pedi ya mtaa, ile inauma mguso wa kwanza. Mtaa ndio penye utabreki mara nyingi zaidi, na ndio kuna watoi, bodaboda na watu wanavuka penye hakuna zebra. Seti ya mtaa ndio unachagua kwanza, na usiibanie.

Treki ni kinyume. Pedi ya mtaa ikipita moto wake, vile vitu vya kushikanisha unga wa pedi vinaanza kuchomeka na kutoa gesi, na mshiko unapotea. Unakanyaga, mguu uko ngumu, lakini ndai haisimami. Hiyo ndio inaitwa kufedi. Ukiskia harufu kali ya kuchomeka na mguu bado uko ngumu, pedi imechoka. Mguu ukiwa laini na unazama, hiyo si pedi, ni fluidi imechemka. Shika hiyo tofauti, juu kuna wasee wamebuya pedi za bei kali na shida ilikuwa kwa chupa ya fluidi.

Na fluidi ndio kitu bei rahisi kushinda zote. DOT 3 mpya lazima ivumilie hadi digrii 205, DOT 4 hadi 230, DOT 5.1 hadi 260. Lakini inanyonya maji kutoka hewani, na ikishanyonya asilimia 3.7, kiwango cha DOT 4 kinashuka hadi 155. Kwa moto wa treki hiyo si kitu. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabanwa, ndio maana mguu unazama. Fluidi yenye imekaa miaka mbili kwa ndai ya treki, itoe yote. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi, hata ka namba inafanana na 5.1.

Sasa twende Grogan. Kirinyaga Road utapata kila pedi ya dunia hii, na pia utapata feki ya kila pedi ya dunia hii. Msee wa duka atakutolea boksi safi. Usiangalie boksi. Toa pedi, igeuze, soma ukingo ama mgongo wa ile bati. Pedi nyingi zina kodi imechapwa hapo, na mwishoni kuna herufi mbili: EE, FF, GG. Herufi ya kwanza ni mshiko wa kawaida, ya pili ni mshiko ikishachemka. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE, jua inapoteza mshiko ikipata moto. Lakini hizo herufi zisikudanganye kuhusu treki, juu jaribio lao linaishia karibu digrii 345, na treki diski inapita hapo. Ukiona E imezungushiwa duara na maandishi ya R90, hiyo ni sheria ya Ulaya inayotaka pedi mbadala ishike karibu sawa na ile ya kiwandani, tofauti isizidi asilimia 15. Kwa seti ya mtaa, hiyo alama ni ya maana kushinda maneno yote kwa boksi.

Cheki pia vile unga umeshikana na bati. Ukiona mwanya, nyufa, ama rangi imepakwa ikafika hadi kwa uso wa pedi, rudisha. Bei ikiwa nusu ya kila duka ingine, rudisha pia. Feki ya saidi mira inakuharibia sura ya ndai tu. Feki ya pedi inakungojea escarpment ya Mai Mahiu.

Kati ya mtaa na treki kuna pedi za katikati, na ndio zile mbogi inapigania: EBC Yellowstuff, Ferodo DS2500, Hawk HP+. Ferodo ni kampuni ya Herbert Frood, msee wa Derbyshire aliyeanza hii biashara ya vitu vya breki 1897. DS2500 yao inatajwa kuanza digrii 20 hadi 500, ndio maana wengi wanaibuya wakidhani wamepata ile pedi moja. Ni pedi noma kweli. Lakini Ferodo yenyewe inaiweka kwa familia ya mbio, na asubuhi itakulilia hadi majirani wajue umeamka. Ka unaenda TT mara moja kwa mwaka na raundi ni fupi, pedi ya katikati inatosha. Ukianza kuenda kila mwezi, nunua seti mbili.

Kubadilisha si job kubwa vile watu wanaogopa. STI yenye Brembo ina pistoni nne mbele, diski ya milimita 326. Inua ndai na jeki, weka stendi, toa tairi. Kalipa haitoki. Unagonga pini mbili na panchi, ile springi ya chuma inaruka, shika isikupotelee, alafu pedi zinavutwa nje kupitia juu. Sukuma pistoni nyuma polepole ukicheki chupa ya fluidi isimwagike. Teleza pedi mpya, rudisha springi na pini, na kabla hujawasha kuenda popote, kanyaga breki mara kadhaa hadi mguu ukae ngumu. Hiyo ya mwisho usisahau hata siku moja, juu mguu wa kwanza baada ya kusukuma pistoni hauna breki kabisa. GTI Mk5 yenye diski ya 312 iko na kalipa ya kuteleza, inataka boliti zifunguliwe, inachukua dakika chache zaidi.

Badilisha mbele na nyuma kwa mpango mmoja. Ukiweka pedi kali nyuma na za kawaida mbele, ndai itageuka ukibreki kwa kona, na hapo hakuna dere mkali. Diski za matundu ziache kwa ndai za shoo. Matundu ndio penye nyufa zinaanzia moto ukizidi. Diski ya kawaida nzito ama yenye mifereji inamaliza siku.

Pedi mpya lazima zilazwe. Jumapili mapema, Southern Bypass ikiwa tupu na hakuna mtu nyuma yako, breki kutoka 80 hadi kama 15, usisimame kabisa, rudi 80, fanya hivyo mara nane ama kumi mfululizo. Alafu endesha polepole dakika kumi hewa ipite. Hapo pedi inaacha tabaka nyembamba ya unga wake kwa diski, na hiyo tabaka ndio inashika. Ukisimama na mguu umekanyaga diski ikiwa moto, unaacha alama mahali pamoja na usukani unaanza kutetemeka. Fundi atakuambia diski imepinda, na mara nyingi ni hiyo alama tu. Seti zako mbili zikitoka kampuni tofauti, tabaka ya moja inaweza kataa ya ingine, kwa hivyo nunua familia moja ama usugue diski kila ukibadilisha.

Treki usiingie na pedi imebaki chini ya nusu. Pedi nyembamba inapitisha moto moja kwa moja hadi kwa pistoni na fluidi.

Kabla TT ingine ifike, toa tairi moja ya mbele kesho, soma hizo herufi mbili, pima unene, na uliza fundi wako fluidi iliwekwa lini. Akikosa jibu, anza na hiyo fluidi. Turbo itangoja.