Picha za CT na Kikomo cha Barua Pepe

Mgonjwa anapopewa rufaa kutoka Mpanda kwenda Mbeya au Mwanza, picha zake za CT zaweza kumfikia daktari kabla basi halijaondoka. Hata hivyo, kipimo kimoja huwa na mamia ya picha, na mara nyingi huzidi megabaiti 100, ilhali Gmail huruhusu viambatisho visivyozidi megabaiti 25 kwa barua moja. Aidha, faili hugeuzwa kuwa herufi ili isafiri, nayo huongezeka kwa takriban theluthi moja.

Wengine hupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu na kuituma kwa WhatsApp. Picha hiyo hubanwa, na ufa mwembamba wa mfupa waweza kupotea. Daktari asipoweza kuitegemea, mgonjwa hurudia kipimo: gharama nyingine na mionzi zaidi.

Njia bora ni kupakia faili kamili katika hifadhi ya mtandaoni iliyoidhinishwa na hospitali, kisha kutuma kiungo pekee kwa barua pepe. Kiungo kifunguliwe na daktari mhusika tu, nywila itumwe kwa njia nyingine, na kifungwe kazi ikiisha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni nyeti.

Mtandao ukiwa dhaifu, CD hufaa. Ewe mgonjwa, iombe kabla ya safari, uitunze pamoja na barua ya rufaa, na uikabidhi kwa daktari mwenyewe.