Dengu za njano: msiziuze kwanza

Mwezi huu naomba niingie jikoni kwenu kidogo, ingawa kazi yangu ni ya chaki.

Kila baada ya mgao naona jambo lilelile darasani. Wiki ya kwanza watoto wanajibu maswali. Wiki ya tatu wanalala juu ya madaftari. Nikiuliza wamekula nini, wanasema bugali na chumvi. Na dengu je? "Mama aliuza, akanunua makala." Simlaumu mama yeyote. Zile dengu zinamaliza moto, na zikiiva hazina ladha. Hata mimi nilizichukia mpaka nilipokaa Kanyosha.

Wanaoijua Bujumbura wanajua Kanyosha iko kusini mwa mji, jirani na Musaga, na wakimbizi wengi wa Kongo wamepanga kule. Mimi nilikaa kwa mama mdogo miaka miwili nikisoma sekondari. Parseli moja, familia nne. Jirani yetu, mama wa Uvira, aliwahi kuwapikia Wahindi wenye duka kule Quartier Asiatique. Jioni moja hatukuwa na kitu ila dengu, vitunguu na mafuta kidogo. Akacheka: "Mwanangu, unalia njaa na chakula umekishika?" Kumbe kule Uhindi watu, tajiri na maskini, wanakula dengu karibu kila siku. Wanaziita dal. Na kuna mamilioni ambao hawali nyama kabisa kwa sababu ya dini, hiyo ndiyo nyama yao.

Kwa kweli hizi zetu ni njegere zilizokaushwa, zikamenywa na kupasuliwa. Zikikaa ghalani muda mrefu zinakuwa ngumu, ndiyo maana zinakula makala. Basi loweka usiku. Vikombe viwili vinatosha watu sita wakila na bugali. Asubuhi mwaga yale maji, weka vikombe sita vya maji safi, manjano kijiko kidogo kama unayo, funika. Usitie nyanya wala ndimu sasa, uchachu unazuia dengu kulainika. Zilizolowekwa vizuri, nusu saa au zaidi kidogo zinapondeka kwa mwiko. Hapo tia chumvi, epua.

Sasa lile jambo lenyewe, la dakika tatu tu, mbabula ikiwa bado na moto. Chukua kisufuria kidogo, mafuta vijiko vitatu. Yakipata moto tia zile mbegu nyembamba za pilau, wengine wanaita jira, kijiko kimoja kidogo. Zikianza kupasuka na kunukia tia kitunguu, kisha saumu na pilipili. Kitunguu kikigeuka rangi, mimina vyote na mafuta yake juu ya dengu, ufunike harakaharaka. Itapiga kelele, usiogope. Mara ya kwanza mimi niliacha mafuta mpaka yakatoa moshi, mbegu zikawa nyeusi, tukala uchungu. Mama mdogo hakusahau mpaka leo.

Kwa nini mwisho, siyo mwanzo? Yule mama alinieleza kwamba harufu ya viungo inatoka kwenye mafuta ya moto kuliko kwenye maji. Ukichemsha jira saa nzima na dengu, harufu yote inaenda na mvuke. Mafuta ni yaleyale ya mgao, ila safari hii unayasikia mdomoni.

Asiye na jira aweke kitunguu na saumu tu, bado itakuwa tamu. Na kwa wanaosema dengu siyo chakula cha kushibisha: ule upungufu ulio kwenye protini ya mahindi unajazwa na dengu, kwa hiyo sahani ya bugali na dengu inamjenga mtoto kuliko bugali peke yake.

Iliyobaki usiku inaganda kama uji. Asubuhi ongeza maji ya moto, koroga, mtoto anywe kabla ya kutoka. Kengele yetu inalia saa moja na nusu.