Kinyago, Neno na Picha: Kijana na Hofu ya Ulemavu

Mji wa Newala umesimama ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, juu ya bonde la mto Ruvuma. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala, akaandika habari za jando, unyago na ngoma za vinyago. Mwaka 1971 J. A. R. Wembah-Rashid naye alizieleza ngoma hizo. Upande wa Tanzania huitwa midimu, na upande wa Msumbiji huitwa mapiko. Sura zinazochongwa ni za namna nyingi: mwanamke mwenye ndonya mdomoni, mgeni mwenye ndevu, mnyama, na hata uso ulioharibiwa na maradhi. Sura hii ya mwisho ndiyo asili ya makala haya, kwa kuwa katika kinyago cha namna hiyo kasoro ya mwili na kitisho hukutana pamoja.

Kwa desturi ya zamani, mtoto ambaye hajaingia jandoni aliambiwa kwamba achezaye na kinyago si mtu, bali ni mzimu. Lakini hofu hiyo haikuachwa vivi hivi. Kijana alipotiwa jandoni alifunuliwa siri, akajua kwamba ndani ya kinyago yumo mtu, na kwamba kinyago chenyewe ni kazi ya mkono wa mtu. Kitisho kilikuwa na mwanzo na mwisho, na palikuwapo mkubwa wa kukieleza. Methali yasema: kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi.

Lugha nayo ina vinyago vyake. Katika Kiswahili, majina mengi ya watu wenye kasoro za mwili yamo katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo. Kwa kuwa ngeli hiyo ni ya vitu, na pia ya udogo na dharau, wako wasemao kwamba lugha imemshusha mlemavu hata akawa kitu. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Kwanza, kiongozi, kijana na kinyozi wamo katika ngeli hiyo hiyo, wala hakuna aonaye kwamba wametukanwa. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, upatanisho wa sentensi humrudishia mtu utu wake. Husemwa “kipofu huyu amefika”, wala si “kipofu hiki kimefika”. Kiambishi cha jina ni cha kitu, lakini kivumishi na kitenzi humtambua mtu aliyemo ndani. Asemaye “kile kipofu kimekuja” hutambuliwa mara moja kuwa amekusudia kudharau.

Istilahi za siku hizi zimekwenda mbele zaidi katika njia hiyo hiyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetanguliza neno mtu. Kadhalika neno zeruzeru linazidi kuachwa, na mahali pake husemwa mtu mwenye ualbino. Hapo kasoro imekuwa jambo alilo nalo mtu, si mtu mwenyewe.

Baada ya kinyago na neno yafuata picha. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata, vibanda vya video vilienea katika miji ya Tanzania, na wasimulizi kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walizieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili. Katika filamu za mapigano mwovu aghalabu hutambulishwa kwa kovu usoni, jicho moja au mkono wa chuma. Hivyo kijana hufundishwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba kupiga huleta ushindi, na kwamba mwili wenye kasoro ni alama ya uovu.

Je, alionalo hulitenda? Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake waliwachunguza watoto 72 huko Stanford, Marekani. Waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere walimwiga, na mwaka 1963 ilionekana kwamba filamu nayo huleta matokeo ya namna hiyo. Wataalamu wengine wamepinga, wakisema kwamba kumpiga mwanasesere si kumdhuru mtu. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 1965 una funzo: watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa walimwiga kwa uchache zaidi. Basi hukumu ifuatayo kitendo ina nguvu yake katika akili ya mtoto.

Jambo hili si la nadharia tu. Tangu mwaka 2007, habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, zilienea nchini kwa redio, magazeti na televisheni. Habari itajayo bei ya kiungo bila ya kukanusha uongo ulioleta bei hiyo humwachia kijana kitisho kisichofunuliwa. Riwaya ya Ben Hanson iitwayo Takadini, iliyotolewa mwaka 1997 na kusomwa katika shule za sekondari za Tanzania, imeshika njia nyingine: mama amtorosha mwanawe mwenye ualbino asiuawe, na msomaji humwona mtoto huyo akikua, akimjua kwa jina na tabia. Na mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini, mkoa jirani na Mtwara, walimchagua Salum Khalfan Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao.

Wazee wa uwanda wa Makonde hawakuvichoma vinyago ili kuwaondolea vijana hofu, waliwafunulia. Kazi hiyo sasa ni ya mwalimu anayefundisha riwaya, mwandishi wa habari, msimulizi wa filamu na mtunga kamusi. Kuificha picha ya kutisha hakutoshi, wala kulibadili neno peke yake hakutoshi. Yapasa kijana aonyeshwe nani aliyekichonga kinyago, na nani yumo ndani yake.