Tuulize Kwanza: Je, Kituo Hiki ni Salama kwa Mgonjwa Wetu?

Vikundi vingi vya kujisaidia huchanga pesa ili kumpeleka mwanachama, au kijana wa mwanachama, kwenye kituo cha kuachisha pombe na dawa za kulevya. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi tunauliza swali moja tu: "Ni pesa ngapi?" Swali hilo peke yake halitoshi. Matunzo mabaya yanaweza kumuua mtu ambaye pombe yenyewe haikuwa imemuua.

Hatari ya siku za kwanza

Watu husema, "Mfungieni ndani, pombe itamtoka." Tusifanye hivyo. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka mingi, mwili wake umezoea kufanya kazi na pombe. Ikikatwa ghafla, ubongo na mishipa ya fahamu hushtuka. Siku ya kwanza mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anatapika, halali. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kama mtu mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne hivi, wengine hupata homa, moyo unaenda mbio, na wanaona wadudu au watu ambao hawapo. Hapo majirani husema amerogwa. La, huo ni ugonjwa wa hospitali, na usipotibiwa unaweza kuua.

Hospitalini kuna dawa za kutuliza hali hiyo, kama vile diazepamu, ambazo hutolewa kwa kipimo na kupunguzwa pole pole. Hutolewa pia vitamini B1 ili kulinda ubongo. Tusinunue diazepamu dukani tukampa mtu nyumbani. Ikichanganyika na pombe, inaweza kumzuia kupumua.

Basi, anayekunywa kila siku aonwe na mhudumu wa afya kabla ya kuachishwa. Aliyewahi kuanguka kifafa kwa kukosa pombe apelekwe hospitali moja kwa moja.

Hatari ya siku za kurudi nyumbani

Kwa heroini, mambo ni tofauti. Kuikosa kunaumiza sana: mifupa inauma, mtu anaharisha, anatapika. Apewe maji na matibabu, lakini ni nadra hali hiyo kumuua mtu mzima mwenye afya. Hatari kubwa iko mbele. Akikaa kituoni miezi mitatu bila kuitumia, mwili unasahau ile dawa. Akitoka na kurudia kiasi cha zamani, anaweza kuacha kupumua siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu kituo kizuri hakimwachi mtu akishatoka mlangoni. Wengine husaidika zaidi kwa methadoni, dawa ambayo mtu huinywa kila siku kliniki mbele ya mhudumu. Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014 huko Mathari, Nairobi, na pwani ikafuata mwaka wa 2015.

Maswali ya kuuliza kituoni

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kikundi kitume watu wawili wakaone mahali penyewe. Waulize haya:

1. Kituo kina kibali? NACADA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2012, hukagua vituo na kuviidhinisha. Waombe kuona cheti, waangalie tarehe yake. Namba 1192 ya NACADA ni ya bure, pigeni muulize.

2. Mgonjwa hupimwa akiingia? Apimwe presha, ini, kifua kikuu na virusi vya ukimwi, na aulizwe kuhusu akili yake.

3. Nani yuko usiku? Mtu akianguka saa nane za usiku, ni nani wa kumhudumia, na gari la kumpeleka hospitali liko?

4. Mtu akileta fujo mnafanyaje? Wakijibu ni minyororo, kiboko au kunyimwa chakula, ondokeni. Katiba ya 2010 inalinda heshima ya kila mtu na kukataza mateso. Mlevi naye ni mtu.

5. Tunaweza kumtembelea na kuongea naye bila mhudumu kusimama hapo? Mahali panapoficha wagonjwa pana kitu cha kuficha.

6. Wanawake wanalala kando na wanaume? Nani anawahudumia?

7. Malipo ni ya nini, na risiti iko? Akitoka, nani atamfuata nyumbani, na kwa muda gani?

Kazi iliyobaki ni yetu

Anaporudi, aliyeacha pombe hukuta mangwe ni ile ile na marafiki ni wale wale. Apewe kazi mapema: kwenye kitalu cha miche, kwenye kuku, popote. Sherehe za kikundi zisiwe na pombe. Akianguka tena, tusimcheke wala kumfukuza. Ugonjwa huu hurudi, kama vile presha inavyorudi mtu akiacha dawa. Arudishwe kwa mhudumu upesi, kwa maana kila siku tunayokawia inamzidishia ugumu.

Ya kuzungumza kikundini

– Katika eneo letu, zahanati au hospitali gani inaweza kumwona mlevi kabla hajaachishwa?
– Ni nani wawili tutakaowatuma kukagua kituo?
– Ni kazi gani tutakayomwekea anaporudi?